Vigingi Vilivyoota Nyanga

Nasema mapema ili msije mkasikia kwa wengine: yule msanifu majengo aliyeonekana Nyanga, hapa Bukoba, akipanda majani kiwanjani, miguu pekupeku na tope hadi magotini, mbele ya wageni wa manispaa na mtaa mzima, ni mimi. Aibu nilishaimeza, ila kila nikikumbuka najikuta nacheka peke yangu, mpaka mama ananiuliza kama nina homa.

Nilipewa kazi ya kuchora jengo ambalo asubuhi litakuwa shule na jioni litakuwa la mtaa, yaani ukumbi wa mikutano, harusi, kliniki ya watoto, na pa kukaa watu kwenye msiba mvua ikinyesha (na mvua ya Bukoba haiulizi kama una msiba). Kiwanja walikitoa wazee wawili waliopakana, Ta Rugemalira na Ma Koku (kwa Wahaya Ta ni baba, Ma ni mama), kila mmoja akimega kipande cha kibanja chake, yaani shamba la nyumbani. Walikuwa wametoka kwenye ugomvi wa miaka mingi, kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa akanionya kwamba wale wawili wakikorofishana tena shule hakuna, na watoto wataendelea kupanda mlima kwenda kusoma mbali. Mimi ninayeuliza hadi chumvi imetoka wapi, sikumuuliza walikuwa wakigombania nini.

Sasa nina ugonjwa mmoja, nataka kujua watu watatembeaje ndani ya nyumba kabla haijajengwa. Ramani ya karatasi watu huitazama kwa adabu tu, wanaitikia, wanakwenda zao. Nikaamua kulichora jengo pale pale chini, kwa ukubwa wake, vigingi vikifuata kila ukuta, ili watu waingie, wasimame darasani, watokee ukumbini, waniambie mlango gani umekaa vibaya. Siku moja kabla ya mkutano nafika kiwanjani, nagundua vigingi nimevisahau Kemondo kwa binamu yangu seremala. Kurudi nikaona uvivu. Nikatupa macho, nikaona mimea imejipanga mstari katikati ya kiwanja, mashina yamenyooka, majani juu, mimea ambayo Dar es Salaam naiona kwenye vyungu vya maua hotelini. (Mimi ni wa Bukoba mjini hasa, nyumba za karibu na msikiti, babu alikuja na biashara kutoka pwani, na shamba letu ni ndoo mbili za mchicha.) Nikasema hii ndiyo riziki, na kwa vyovyote itafyekwa maana inapita katikati ya ukumbi. Nikaazima panga, nikakata yote, nikaichomeka kwenye kuta zangu, nikasimama kando nikajisifu.

Kesho yake watu walikuja, wakafika ukingoni mwa kiwanja, wakasimama. Nikawakaribisha waingie, wakarudi nyuma hatua moja. Wageni wa manispaa wananitazama mimi, mimi nawatazama watu, nawaza kwa udadisi wa kweli, hivi wanaogopa nini na nyumba haina hata dari? Nikadhani hawajaelewa. Basi nikamshika Ma Koku mkono nikamweka ukumbini, nikamwita Ta Rugemalira akasimama darasani, kisha mwenyewe nikasimama kwenye ukuta wa kati, ambao ulikuwa umeingia hadi karibu na mibuni ya Ma Koku, nikatangaza kwa sauti ya mkutano:

"Kuanzia hapa ni upande wako, Ta. Na huko ni upande wako, Ma."

Nyuma yangu mtu alisema "Mawe", yaani mama yangu kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kama anayemwona mtoto akielekea motoni.

"Rugemalira," Ma Koku akasema taratibu, "kumbe ndiyo maana ulikubali upesi."

Ta akajibu kwamba aliyeibiwa ni yeye, ule mulamula waliopanda juzi mbele ya ukoo uko wapi? Kikaja Kihaya cha kasi, na Kihaya changu ni cha kununulia ndizi, lakini niliambulia kwamba Ma Koku amekichukua kipande chake na shule wakaijenge ziwani. Wageni wakaanza kufunga mafaili. Mwenyekiti akanivuta pembeni, akanieleza kwa upole wa mtu anayetamani kukuzaba kofi: mmea ule ndio mulamula, ndio mpaka wa vibanja, hupandwa mbele ya mashahidi wa pande zote, na mstari nilioukata ndio uliomaliza ugomvi wao. Kwa hiyo nilikuwa nimefyeka mpaka wa wazee, nikapanda wangu, kisha nikautangaza mbele ya mashahidi.

Nililia kidogo, sitaficha. Lakini hata machozini nikataka kujua. Nikamfuata Ma Koku, nikapiga magoti, nikamuuliza, "Ma, mpaka ukikatwa unarudishwaje?"

Akanionyesha visiki kwa kidole. "Aliyekata anarudisha. Sisi tunamwona."

Nikavua viatu. Nikachomoa shina moja moja, nikalipanda kando ya kisiki chake, na mvua nayo ikaona ije kushuhudia. Ta anasema sogeza kushoto, Ma anasema kulia, wakabishana hadi wakakubaliana jambo moja, kwamba jembe sijui kulishika. Hapo mtu akacheka, wakacheka wote. Nilipomaliza, Ma Koku alitoa kahawa ya kutafuna, akampa Ta kwanza, akanipa na mimi, na wageni wakayafungua mafaili yao.

Jengo nililichora upya, madarasa huku, ukumbi kule, katikati njia ya wazi na mulamula umesimama pale pale pa zamani. Msingi umeshachimbwa. Nami nimeapa sitachomeka tena hata kijiti katika ardhi ya Wahaya kabla ya kuuliza ni cha nani na kinasema nini. Siku hizi nachora kwa majivu.

Ila kijiti kimoja nilikisahau siku ile, kwenye kona ya vyoo, na kimeshika mizizi. Ma Koku amekataza kisikatwe. Anasema mtaa mzima ulishuhudia nikikipanda, kwa hiyo hapo chooni ndipo kibanja changu kinapoanzia.