Picha Moja Isiyotiwa Alama

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mpiga picha, na mtaa mzima tunamwita Muhuri. Jina hilo nililianzisha mimi, fundi cherehani, siku nilipomkuta akitia alama hata picha za pasipoti.

"Muhuri, nani ataiba sura za watu walionuna hivyo?"

"Wewe shona," akanijibu bila kuinua macho.

Alama yake haionekani. Kompyuta yake ina programu inayobadilisha kidogo sana rangi za vitone vinavyounda picha. Jicho halitambui, lakini ukiirudisha picha kwenye programu, inakusomea jina la mwenyewe. Kata pembe, ipunguze, jina limo tu. Alinifafanulia kwa kunikumbusha uzi mwekundu ninaoushonea ndani ya kola za mashati yangu, nami nikaelewa. Mwaka fulani wachapaji wa kalenda waliitumia picha yake ya bibi harusi mmoja bila ruhusa. Aliwafuata na kompyuta kwapani, programu ikasoma jina lake mbele ya meneja, wakaomba radhi. Wiki nzima alitembea kifua mbele, na mimi nikakoma kumcheka.

Mkewe, Shemeji, alikuwa na maradhi ya moyo. Jumapili moja alipopata nafuu alikaa kwenye kiti cha studio, nami nikiwa mlangoni nikamtania kwamba mumewe atamtoza kama wateja wengine. Akacheka, Muhuri akabonyeza. Sijaona picha yake nyingine nzuri kama ile.

"Hii usisahau kuitia alama," nikamwambia.

Akakasirika kweli. "Huyu ni mke wangu, fundi. Si ng'ombe wa kupigwa chapa."

Niliona ana haki. Mganga hajigangi. Miezi minne baadaye Shemeji akafariki. Dada yake Muhuri akaiomba picha ile kwa ajili ya tangazo la msiba, akaiweka kwenye kundi la ukoo, kubwa na safi. Kutoka hapo ikapita mikono tusiyoijua. Kisha kompyuta ya Muhuri ikaharibika, ikaondoka na picha zote kama zilivyotoka kwenye kamera.

Mwezi uliopita lilipandishwa bango juu ya duka la dawa, mkabala na milango yetu. Mimi hufungua mapema, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuliona. Shemeji anacheka, pembeni yake kuna kopo la vidonge, na chini pameandikwa: "Moyo wangu umepona." Dukani nilikuwa na jora zima la kitambaa, na sikupanda kumfunika. Hilo sijisamehe.

Mimi na Muhuri tulikwenda kwa wenye bango. Meneja alikuwa mpole, na upole wake uliniudhi kuliko matusi.

"Mzee wangu, picha hii tumeinunua kihalali kwa kampuni inayouza picha. Wewe una ushahidi gani?"

"Huyo ni mke wangu."

"Pole sana. Lakini watu hufanana, na picha ya kwenye simu yeyote anaweza kuwa nayo. Una faili ya kamera? Au alama yoyote? Nionyeshe, nalishusha leo hii."

Muhuri akainamisha kichwa. Mtu aliyetia alama kila uso wa mtaa huu, mpaka watoto wachanga, hakuwa na alama hata moja ya kuonyesha.

Nikashindwa kuvumilia. "Huyo mama amekufa kwa moyo huo huo mnaosema umepona."

"Nakuelewa, fundi. Nileteeni ushahidi."

 Tulipofika studio Muhuri alifungua, kwenye kompyuta yake mpya, tovuti ya kampuni ile ya picha, akampata mkewe, akampakua, akamwingiza kwenye programu.

"Labda niliitia nikasahau," akasema. "Mkono ukizoea hufanya wenyewe."

 Nilijua hakuitia, na yeye alijua. Lakini nilisimama nyuma ya kiti chake nikiomba kimoyomoyo. Kompyuta ikachukua muda wake, kisha ikaandika: Alama imepatikana. Muhuri akanishika mkono kwa nguvu.

Chini yake likatokea jina la mwenyewe. Lilikuwa jina la kampuni ile. Nao walikuwa na programu kama yake, nao hawakuona haya kumpiga chapa. Muhuri akalisoma kwa sauti, akalisoma tena.

"Ningemtia alama tu, fundi," akasema. "Hata asingejua. Angejua angecheka."

Akazima kompyuta. Tangu siku hiyo hajafungua studio, na dada yake ananiambia nyumbani hali wala haongei. Bango bado lipo. Cherehani yangu nimeigeuza ielekee ukutani, lakini kila nikiinuka kupima mteja ninamwona Shemeji, akicheka kwa utani wangu mimi.