Pua ya Mwanzilishi

Bi Gundi hakuzaliwa na jina hilo, alilipata kazini. Tangu usichana wake alibandika lebo za chupa katika kiwanda cha jini, kiwanda kikongwe kuliko vyote mjini, na gundi ilikuwa imemzoea hata ukimpa mkono wa salamu ilibidi muagane kwa kuvutana.

Watoto wa mjini walikiogopa kiwanda kile kwa sababu ya jina. Waliambiwa humo hutengenezwa jini, nao wakadhani ni wale wenye kwato. Wakubwa walijua ni jini ya kunywa, pombe inayochemshwa katika mtungi mkubwa wa shaba, mvuke wake ukapita kwenye bomba, ukapoa, ukadondoka mweupe kama maji, umeshika harufu ya vitunda vyeusi vya mreteni. Bi Gundi mwenyewe hakuwahi kuionja. Alisema harufu yake tu inatosha kumfanya acheke peke yake njiani.

Historia ya kiwanda kila mtu alikuwa na yake. Walichokubaliana ni kimoja: kilianzishwa na mjane aliyeachiwa na mumewe mtungi wa shaba, akauinjika jikoni, majirani wakafuata harufu. Zaidi ya hapo ilikuwa vita. Fundi wa mtungi aliapa kwamba mjane alikuwa mrefu kama mlingoti, kwani babu yake alifanya kazi chini yake. Mpishi wa kantini akasema wapi, alikuwa kibonge mfupi, ndiyo maana mlango wa ghala la zamani unawagonga watu vichwa. Picha yake haikuwapo hata moja.

Basi kiwanda kikatimiza miaka mia, na meneja wa wakati huo akataka lebo mpya yenye uso wa mwanzilishi. Akamwita mchoraji.

"Picha ya kunakili iko wapi?" mchoraji akauliza.

"Ingekuwapo ningekuita wewe? Ningemwita mpiga chapa."

Mchoraji akazunguka kiwandani akijikuna kichwa, mpaka akafika chumba cha lebo. Wakati huo Bi Gundi, binti ambaye hata posa hajapata, alikuwa anamkaripia msukuma mkokoteni aliyevunja kreti zima la chupa. Alisimama kajishika kiuno, pua yake pana imetuna kama mvukuto wa mhunzi. Msukuma mkokoteni, pande la mtu, alikuwa amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

"Huyu!" mchoraji akasema. "Huyu ndiye aliyeanzisha kiwanda."

Wakamkalisha juu ya kreti, wakamtupia mabegani pazia la ofisi ya meneja, wakampaka unga wa ngano nyweleni apate mvi.

"Haya, dada, kaa kama mjane," mchoraji akamwambia.

"Mume mwenyewe sijapata, nitamlilia nani?"

"Basi kasirika tu."

Hilo halikuwa na taabu. Pazia lilikuwa linawasha.

Lebo ikatoka. Mtu hujitazama kwenye kioo asubuhi, yakaisha. Yeye alijibandika tangu kengele ya kuingia hadi ya kutoka, na kila chupa ikimkodolea macho. Wenzake wakaanza kumwamkia, "Shikamoo, Mwanzilishi," naye akiitika, "Marahaba, wajukuu, fanyeni kazi."

Kasheshe lilianza pale seremala wa mtaani aliyewauzia makreti, kijana mpole wa maneno machache, alipotaka kumwoa. Mama yake seremala hakutaka pombe itajwe nyumbani kwake hata kwa kunong'ona. Siku binti alipopelekwa kuonekana, swali la kwanza mama akamwuliza mwanawe, nalo likawa la kazi.

"Mwenzio anafanya kazi wapi, mwanangu?"

"Kiwanda cha jini, mama."

"Jini! Afadhali angekuwa na jini la kupanda kichwani. Hilo likichoka linashuka."

Akasonya, akainuka, akaingia jikoni kwa vishindo. Bi Gundi alitazama vidole vyake, seremala akatazama mlango. Kisha vishindo vikakoma. Mama akatoka pole pole, ameshika chupa ya mafuta ya kupikia. Aliinunua sokoni ikiwa tupu. Maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa mafuta, ukabaki uso. Akaitazama chupa, akamtazama binti, akairudia chupa.

"Huyu ni nani wako?"

"Ni mimi, mama. Walinipaka unga."

Mama akaketi pu! "Kumbe ni wewe! Mwanangu, mimi na wewe tunaonana jikoni kila siku! Nilidhani ndiye mwenye kiwanda cha mafuta. Hawa binti zangu wakizembea nawaonyesha: mtazameni mwenzenu, hana mchezo! Nimesema mara ngapi, laiti ningepata mkwe mwenye uso kama huu?" Akamgeukia mwanawe. "Na wewe unamjua siku zote hizo, hunambii!"

Harusi ikawa. Mama mkwe aliwaambia wote waliouliza kuwa mkwewe yuko "kwenye mambo ya chupa", na hapo mlango wa maswali ukafungwa.

Miaka ikaenda. Mvi za kweli zikamtoka Bi Gundi pale pale palipopakwa unga, na makunyanzi yakafuata mistari ya mchoraji kana kwamba yamepewa ramani. Wageni waliotembezwa kiwandani walipomwona waliruka. Mmoja alikimbia na glasi ya watu.

Ndipo habari zikaja kwamba kilembwe wa yule mjane, yaani mjukuu wa mjukuu wake, anatoka ng'ambo kuja kuona kiwanda. Meneja mpya, aliyerithi uongo pamoja na kiti, akaja chumba cha lebo amelowa jasho.

"Mama, nakuomba, jifiche leo tu. Ukoo mzima unaiamini ile picha."

Akamwingiza katika ghala la mreteni, akamrudishia mlango. Lakini vitunda vilikuwa vikavu na vumbi lake kali. Bi Gundi akajiziba, akajibana, wapi! Akapiga chafya iliyoangusha gunia. Mgeni, ambaye ndiyo kwanza anapita hapo, akafungua mlango.

"Bibi!" akapiga ukelele, kisha akajishika mdomo. "Samahani, mama, shikamoo. Jamani, umefanana na bibi yetu kama shilingi kwa ya pili! Wewe ni wa ukoo wetu?"

Nyuma ya mgeni, meneja alikuwa anapunga mikono kama anayefukuza nyuki. Bi Gundi akamtazama yule mwanamke, machozi yakimlengalenga, akaona si haki kumwacha alilie uso wa watu.

"Marahaba, mwanangu. Si mimi niliyefanana naye. Yeye ndiye aliyefanana na mimi."

Akamweleza yote, pazia na unga. Meneja akaketi juu ya gunia kusubiri mbingu imwangukie. Midomo ya mgeni ilikuwa inatetemeka. Kumbe anazuia kicheko, nacho kikamshinda.

"Mama, hujui ulivyoniponya! Dada yangu ananisimanga tangu utotoni kwamba mimi si wa ukoo, sikurithi uso wa bibi. Yeye eti kachukua pua yake! Tukiwa na shughuli, anakaa chini ya ile picha ya lebo tuliyoitundika ukutani, upande upande, ili tuione."

"Pua ile," Bi Gundi akasema taratibu, "ni ya marehemu shangazi yangu. Alikuwa anauza mkaa."

Mgeni akapiga magoti kwa kucheka. Pale pale akampigia dada yake simu, akamweleza mbio mbio, akamkabidhi Bi Gundi.

"Haloo, hujambo, mwanangu?" Bi Gundi akasema. "Mimi ndiye mwenye pua."

Kule upande wa pili sauti ndogo ikauliza, "Huyo shangazi... aliacha watoto?"

"Aliacha. Na wewe karibu, nafasi ipo."

Lebo haikubadilishwa, na meneja hakufukuzwa na mtu. Mwaka uliofuata dada mtu akaja mwenyewe. Akaketi na Bi Gundi kwenye benchi la chumba cha lebo, wakageuziana nyuso upande upande, wakaridhika. Wafanyakazi waliopita wakakubaliana, fundi wa mtungi na mpishi wa kantini wakiwamo, kwamba pua zile hazifanani hata kidogo. Lakini nani angethubutu kuwaambia?