Mabua Niliyoyachoma

Ile Jumapili naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu. Mama alikuwa kanisani, nami nikabaki nyumbani nikamharibia shamba.

Kwetu ni magharibi ya Mlima Meru, upande ambao mvua mara nyingi hutuonyesha mawingu tu. Mama, mjane, alichimba vishimo, akatia samadi kila kimoja, akapanda mtama na kunde, kisha akatandaza mabua makavu katikati ya mistari ili jua lisimalize unyevu. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka vibarua vya ujenzi Sombetini, najiona mtu wa mjini. Majirani waliposema shamba letu ni chafu, niliona haya. Nikayakusanya mabua, nikayatia moto. Ilibaki kona moja karibu na zizi; hapo nilikuwa nimechoka.

Mama aliporudi alisimama kwenye majivu, kitabu cha nyimbo mkononi.

"Umefanya nini, baba?"

"Nimesafisha, mama."

"Umeivua ardhi nguo, na jua ndilo hili linakuja."

Akaingia ndani kubadili nguo za kanisani. Laiti angenichapa!

Mvua ikakatika. Mtama ukanyauka ukiwa bado wa magotini. Mama akawa anabeba maji mgongoni kutoka korongo la mbali, anamwagia kila shimo kopo moja. Mimi, kwa aibu, nikatorokea mjini. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi langu nilimwachia ale peke yake. Asubuhi moja alianguka njiani na dumu lake, asiinuke tena. Habari zilichelewa kunifikia kazini, maana hakuna aliyejua nilikokuwa, na nilipofika walikuwa wameshamzika.

Ile kona ya zizini ilikuwa imezaa. Niliivuna nikilia, na uji wa kwanza sikuwa na wa kumpelekea.

Basi nisikilize, mwanangu. Mabua usiyachome, yaache yafunike udongo. Chimba mashimo kabla ya mvua na utie samadi, maji yakae pale mmea unapoyanywa. Panda mtama, kunde na mbaazi, wala usijali vicheko vya jirani. Njaa ikibisha hodi kwako, si yeye atakayeifungulia. Na mzazi wako akifanya jambo usilolielewa, muulize angali hai. Mimi nilikuja kujua la kuuliza nikiwa kaburini kwake.

Haya, nenda nyumbani kwenu. Mungu akupe mvua, na ikipungua akupe mikono ya kuitunza. Na wazazi wako wakuone ukivuna.