Aliyelala Zizini

Dhahabu haina adabu. Ilikaa chini tangu dunia iumbwe bila kumsumbua mtu, halafu wachimbaji wakaiona nyuma ya kilima chetu, na haukupita muda shamba la jirani yangu Asteria likapata wenyewe ambao hatukuwahi kuwaona hata msibani.

Asteria ni mjane wa miaka kama sitini. Alipofiwa na mume alirudi hapa Bukombe kwa baba yake, mzee Bartholomeo, akamuuguza mpaka akamzika. Ndugu zake wote wametangulia. Analima mahindi na karanga, anaimba kwaya Jumapili kwa sauti inayofika kwangu, nami Muislamu nimeshazijua nyimbo zao zote. Ni mtu wa kuomba radhi hata kuku wake wakichokozwa na kuku wa mwenzake. Ndiyo maana Ndaki alidhani atamla mzimamzima.

Ndaki ana maduka Nyasubi, kule Kahama. Alikuja na gari jeupe, akaamkia watu vizuri, akanywa maji aliyopewa na Asteria, kisha akamwambia kwamba anakaa kwenye itongo la ukoo wake, yaani mahame ya wazee wake. Babu yake aliyeitwa Mageni ndiye aliyejenga mji ule. Alois, babu yake Asteria, alikaribishwa tu.

"Mgeni hata akizaa hapa bado ni mgeni," alisema. "Na wewe mama ni mtoto wa kike. Kwa Wasukuma itongo halikai kwa binti."

Kesi ikaenda baraza la kata. Mwenyekiti, mzee Selestine, aliuliza hati, hakuna aliyekuwa nayo. Huku kwetu hati ni kaburi. Mwenye mji huzikwa zizini, kwenye udongo wa ng'ombe wake, na aliyepokelewa tu huzikwa nje ya ua wa minyaa. Katika zizi la zamani la Asteria lilikuwepo kaburi moja, mawe yaliyopangwa bila jina. Ndaki akasema aliyelala pale ni Mageni. Asteria akasema ni Alois, kwa kuwa baba yake alimwonya tangu utotoni kwamba wa kwao yumo zizini, wasije wakamlima.

"Aliyelala humo ndiye mwenye mji," Selestine alisema. "Mnakubaliana?"

Wote wawili wakakubali. Akawapa muda wa kuleta ushahidi, na akasema wazi kwamba atakayeshindwa ataondoka. Ndaki angerudi Nyasubi kwenye maduka yake. Asteria hakuwa na pa kwenda, na usiku ule nilimsikia akilia kwa sauti ndogo, nikamchukia yule bwana kwa moyo wangu wote.

Tukaenda Shinyanga, maana kabla Geita haijawa mkoa sisi tulikuwa chini yao na makaratasi ya zamani yalibaki huko. Ofisa wa ardhi alitutandikia ramani ya enzi za Mwingereza, imekunjwa hadi mikunjo imekatika. Akatueleza kwamba ni ya wakati wa malale. Mbung'o walikuwa wanamaliza watu, serikali ikawatoa maporini na kuwakusanya mahali pamoja. Mji wetu ulikuwepo, duara dogo lenye ua, bila jina la mtu.

"Hapa watu waliletwa miaka ya thelathini kuelekea mwisho," alisema. "Kabla ya hapo ni pori tupu."

Tulifurahi, maana kama wote waliletwa, hakuna aliyemkaribisha mwenzake; tukanunua na soda. Wakati wa kurudi Asteria akataka tushuke Ushirombo tupite makaburi ya misheni, apate kuliambia baraza kwamba ametafuta na babu yake hayumo humo. Mimi nilikuwa nimechoka, ila nilimfuata. Misalaba ya zamani imeliwa na mvua, mingine imelala. Tulikuwa tunafuta majani kwa mkono, yeye mstari huu na mimi ule, mpaka nikamwona amesimama bila kusogea.

Alois Luhende. Fundi matofali. 1931.

Ndiye babu yake, jina na ukoo. Alikuwa amekufa kabla mji wetu haujakuwepo. Hakuwahi kuukanyaga. Asteria aliketi kwenye nyasi akaniuliza mara mbili kama nimesoma vizuri, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilitamani ningekuwa sijui kusoma.

Kwenye basi nilimwambia anyamaze. Nani atakwenda kufuta majani kwenye misalaba ile? Ndaki mwenyewe hana ushahidi ila mdomo. Nilimwambia mengi, mpaka abiria wa mbele akageuka kunitazama.

"Nimeimba kwaya miaka yote hii, Mama Loveness," alinijibu. "Halafu nimkane babu yangu kaburini kwake?"

Siku ya baraza alisimama akasema yote. Hakuruka neno. Ndaki hakucheka, ila alikunja mikono kama mtu aliyeshiba. Akaomba jambo moja tu: Mageni afukuliwe kwa heshima apelekwe Kahama, maana wachimbaji wangeanza duara lao, yaani shimo la dhahabu, pale pale zizini. Selestine akasema hataandika hukumu mpaka kaburi lifunguliwe.

Kibali kilitoka wilayani, bwana afya akaja na glavu na barakoa. Padri alikuwepo, na nusu ya kijiji. Asteria alikuwa amekwishafunga vyombo vyake kwenye viroba. Viliegeshwa mlangoni.

Kazi ya kufukua alipewa William, mchimbaji mzee anayejua kuutoa udongo taratibu. Aliondoa mawe, akashuka kiunoni, kisha akaacha jembe akatumia mikono. Ndaki alisogea mpaka ukingoni, na shuka jeupe la kumfungia babu yake mkononi.

William akainua uso. "Huyu kalala ubavu wa kushoto."

Wazee wakatazamana. Mimi sikuelewa, maana sisi Waislamu sote hulazwa ubavu wa kulia. Nikamuuliza mzee wa pembeni yangu, akaninong'oneza bila kuondoa macho shimoni: zamani mwanamume alilazwa kulia, mwanamke kushoto.

"Labda udongo ulimsogeza," Ndaki alisema.

"Udongo haumgeuzi mtu mzima," William alijibu. Akapapasa shingoni mwa yule marehemu, akatoa kitu kidogo, akakifuta kwenye suruali na kumkabidhi padri. Kilikuwa medali ya Bikira Maria, nyeusi kwa kutu, na kipande cha waya wa shaba bado kimeshika.

Ndaki akasema pengine ni mke wa Mageni. Selestine akamuuliza ni nani kwao aliyebatizwa kabla ya baba yake, naye akatazama shuka lake, kwa kuwa ukoo wake hujisifu mpaka leo kwamba hawakuinamia msalaba mapema. Akamuuliza tena: kama ni mke, mume yuko wapi?

"Mwanamke alizikwa zizini pale tu ng'ombe walipokuwa wake," Selestine alisema polepole, kama anayejikumbusha. "Mjane aliyeletwa na watoto, akajenga mwenyewe. Mwenye mji ni huyu. Mayu Asteria, mama yetu, huyu ni bibi yako. Ni mke wa yule wa misheni."

Asteria hakushangilia. Alishuka shimoni na gauni lake la kanisani, akapiga magoti. Sote tulikuwa tumemtafuta mwanamume. Ofisini, misheni, midomoni mwetu, hakuna hata siku moja mtu aliyeuliza habari za mwanamke. Ndaki alikunja shuka lake akaondoka bila kuaga.

Selestine akafungua kalamu. "Nipe jina lake niandike."

Asteria aliinua uso kutoka shimoni.

"Mama Bartholomeo," alisema.

"Hilo la mtoto. Lake yeye?"

Aliushika ukingo wa udongo. Baba yake alimwita mama. Kijiji kilimwita Mama Bartholomeo. Waliomjua kabla hajazaa walikufa na jina lake.

"Silijui," alisema, na hapo ndipo alipolia kweli.

Shamba ni lake, imeandikwa. Viroba nilivifungua mimi, nikarudisha sufuria mahali pake moja moja. Jioni alikuja kusimama mlangoni kwangu, vumbi la kaburi bado liko magotini, akanitazama kama mtu mgeni. Tumekuwa majirani tangu Loveness wangu anatambaa.

"Mama Loveness," alisema, "hivi wewe jina lako nani?"

Nikamwambia ni Mwamvua. Ilinichukua muda kulitamka.