Gunia la Mgeni wa Mtowisa

Rosina hakuacha kamwe kuvua kandambili mlangoni. Alizivua kanisani, alizivua zahanati, na siku alipofikishwa kituo cha polisi alizivua pia, akazipanga kando ya ukuta kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Vaa, mama," askari mmoja akacheka. "Hapa hatujatandika mkeka."

Akavaa. Alipofika mlango wa pili akavua tena.

Alikuwa mjane wa kijijini Kasense, mkulima wa mahindi na ulezi. Mtu wake wa karibu alikuwa Cornelia, binti wa kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi mjini. Nyumba ya Rosina ilikuwa kando ya barabara, na wachuuzi waliopandisha mchele kutoka bondeni Mtowisa walizoea kuacha mizigo yao kwake, wakaenda Sumbawanga mjini kutafuta wateja. Hakuwatoza kitu, na hakufungua mzigo wa mtu. Cornelia alipokuwa mdogo alichapwa na shangazi yake huyo kwa kuchungulia tu kikapu cha mgeni.

Siku polisi walipokuja, gunia la Enock, kijana mmoja wa huko bondeni, lilikuwa limeegemezwa karibu na jiko. Walizamisha mikono kwenye mchele, na chini ya mchele wakakuta bangi. Wakasema wataondoka na gunia pamoja na mwenye nyumba. Askari akaanza kuliburuta sakafuni. Rosina aliona vibaya mali ya mgeni iburutwe hivyo. Akakunja kanga, akatengeneza ngata, akajitwika gunia mwenyewe mpaka kwenye gari, majirani wakimtazama.

Ngata ile ilimponza. Maelezo ya polisi yalisema kwamba mshtakiwa aliubeba mzigo kwa hiari yake, bila wasiwasi. Alipoulizwa ni wa nani, alijibu tu kwamba umo nyumbani mwake. Akashtakiwa kwa kupatikana na dawa za kulevya.

Cornelia alimwekea dhamana, na hapo ikaanza kazi ya kwenda na kurudi. Kuamka alfajiri kwenye baridi, kukaa kwenye benchi la mahakama, kusikia kwamba upelelezi haujakamilika, au kwamba majibu ya mkemia hayajarudi, kisha nyumbani. Huko shambani magugu yaliyapita mahindi.

"Cornelia," Rosina alisema siku moja wakiwa bado benchini, "hivi nikikubali tu kosa, si tutamaliza?"

"Ukikubali utafungwa, shangazi."

"Angalau huko hawataniambia njoo tena mwezi ujao."

Cornelia alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania sana. Siku hiyohiyo akaanza kutafuta wakili.

Hawakufika mbali. Nje ya geti mwanamume mwenye suti iliyopauka aliwafuata. "Mwalimu, ya bangi hiyo? Ndogo hiyo. Niachie mimi, nina watu wangu ndani."

"Wewe ni wakili?"

"Watu wananiita wakili."

"Sijauliza wanakuitaje. Ofisi yako iko wapi?"

Yule bwana akatazama saa yake. Mama mmoja aliyekuwa anauza chai pale getini akadakia, "Kishoka huyo, mwalimu! Juzi tu alikuwa anauza viwanja."

Ni huyohuyo muuza chai aliyewaelekeza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, ambako walimkuta wakili Josefina. Cornelia, akiwa bado na hasira za getini, aliomba kuona leseni yake. Josefina alicheka, akaitoa. Kisha akamgeukia Rosina.

"Mama, bangi kukutwa chini ya paa lako peke yake haitoshi. Jamhuri lazima ionyeshe kwamba ulijua ni nini kile, na kwamba kilikuwa chini ya mamlaka yako. Ulijua?"

"Nilijua ni mchele."

"Nani aliuleta?"

"Mgeni."

"Anaitwa nani?"

Rosina alitazama miguu yake mitupu.

"Mama, mgeni asiye na jina, hakimu atasema umemtunga."

Hakusema. Cornelia alimjua kijana huyo, ila alimwachia shangazi yake amtaje mwenyewe; njiani alishindwa kuvumilia. "Huyo Enock ni nani kwako?"

"Amekula kwangu."

"Na mimi sijala kwako?"

"Wewe hakuna anayetaka kukufunga."

Cornelia alikaa kwenye jiwe kando ya barabara akalia, mwalimu mzima, wanafunzi wake wakipita na madaftari kichwani. Rosina alisimama pembeni yake. Hakumgusa wala hakumwambia anyamaze. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa wakili, akavua kandambili, akataja jina. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Enock alipokamatwa hakukana. Alisema gunia ni lake na yule mama hakujua kitu. Jamhuri ikaondoa mashtaka dhidi ya Rosina. Josefina alimpa mkono, majirani wakapiga vigelegele, naye akauliza kama sasa anaruhusiwa kwenda kupalilia. Enock alibaki mahabusu. Hakupata wa kumdhamini, na kesi yake nayo ikaanza kuahirishwa.

Wachuuzi wa bondeni waliendelea kupita. Walimsalimu Rosina wakiwa barabarani, wakaenda na mizigo yao. Ilipoingia baridi ya mwezi wa saba alianza kukohoa, na kabla mwezi haujaisha alifariki. Wakati huo Cornelia alikuwa ameshahamishiwa Laela.

Mara ya mwisho walionana Jumapili moja baada ya misa, siku ambayo Cornelia alikuwa anahamia Laela. Walikula. Cornelia akaeleza habari za shule mpya, nyumba ya walimu, na jinsi atakavyokuwa anarudi kila likizo. Rosina aliitikia kwa kichwa, na hakuonekana kusikiliza. Basi lilikuwa karibu kuondoka. Alimshika mkono pale mlangoni.

"Enock hana ndugu huku juu," alisema. "Hivi nani anampelekea chakula?"