Bakuli la Kwanza

Mvua za Novemba zikishashika vizuri kule Matinyani, uyoga ulichomoza kwenye vichuguu, na mama alitutoa nyumbani na jembe. Hakutaka tuuchume kwa mkono.

"Chimbeni," alisema. "Uyoga mzuri uko na mzizi mrefu, unashuka mpaka kwa mchwa. Ukivunja juu, utajuaje umetoka wapi?"

Nami nilijifunza. Kofia iwe na ncha katikati. Mistari ya chini yake iwe myeupe. Ikianza kuwa ya kijani, tupa. Shina lenye pete, tupa. Shina lililokaa ndani ya kifuko kama kikombe, wacha hapo hapo, nenda ukanawe. Majirani walisema ule ulioliwa na konokono ni salama. Mama aliwacheka. "Konokono akikufa, nani humzika? Mtajuaje?"

Lakini pamoja na ujuzi wote huo, bakuli la kwanza lilikuwa lake. Sisi tulingoja, harufu ikitutesa. Nilimwita mlafi, kimoyomoyo kwanza, halafu siku moja kwa sauti. Hakunipiga. Alinivuta nyuma ya jiko.

"Wewe ndiye mkubwa. Nikianza kutapika, mwaga hiyo sufuria yote. Hata mbwa usimpe. Halafu ukimbie umwite shangazi yako."

Ningependa kuandika kwamba tangu siku hiyo uyoga ulinishinda kumeza. Wapi! Ulikuwa mwaka wa njaa, nyama tuliiona Krismasi, na uyoga ule ulikuwa mtamu kuliko kuku. Nilimtazama mama usoni kama mtu anayengoja chai ichemke. Alipokunja uso kidogo, nilisikitikia sufuria. Ndiyo, sufuria. Na aliposema, "Haya, kuleni," mkono wangu ulifika kabla ya mingine yote.

Baadaye niliolewa Makueni, nikarudi kumsalimia na mtoto mchanga mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilichimba mwenyewe, nikakagua mizizi, ncha na mistari, sikuacha kitu. Nikapika, nikajipakulia bakuli la kwanza, maana niliona zamu sasa ni yangu. Mama, amebaki na meno ya kuhesabu, akalishika ukingoni.

"Lete hapa. Wewe unanyonyesha."

"Mwaitu, mama yangu, huu ni mzuri. Nimeuangalia wote."

"Najua. Si ni mimi nilikufundisha? Lete."

Mama yangu mzazi, mwenye miguu iliyovimba, nilikuwa namruhusu anionjee sumu. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwaga sufuria, tule sukuma wiki na ugali kama watu wengine. Nikamwachia bakuli.

Alikula polepole, amefumba macho. Nami nikajikuta nimekaa palepale pa zamani, karibu na mafiga, nikiutazama mdomo wake, mate yakinijaa.