Farasi Hauzwi Bila Jicho la Mwenyewe

Sijawahi kumgusa farasi. Katika mji wote wa Bunia sijamwona hata mmoja, na kule kilimani Djugu nilikozaliwa tulikuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo, hatukuwa na mnyama wa kupandwa mgongoni. Lakini huu ni mwaka wa pili nafuga farasi. Wamo ndani ya simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni. Ukinikuta kwenye lango la ghala la saruji, ambako mimi ni mlinzi wa mchana, nimeinamisha kichwa, usidhani nasali. Nawapa nyasi.

Simu hiyo ni ya binti yangu. Ndiye mtoto wangu wa pekee, mama yake alishafariki, naye ameolewa na mfanyabiashara wa dhahabu huko Mongbwalu. Mara ya mwisho alipokuja kunitembelea mtaani kwangu Bigo, mvua iliharibu barabara nyuma yake na magari yakaacha kupita, kwa hiyo ziara ya siku tatu ikawa majuma matatu. Chumba changu ni kimoja. Yeye alilala kitandani, mimi nikalala kwenye mkeka, na sijapata usingizi mtamu kama ule tangu tulipokimbia vita kutoka kilimani na kuacha kila kitu.

Katika majuma hayo alikuwa akicheza mchezo wa farasi. Unapewa zizi, farasi jike mmoja na sarafu kidogo za mchezo. Unamlisha, unampandisha, anazaa, unauza watoto au unawashindanisha, sarafu zinaongezeka na zizi linapanuka. Sarafu hizo hazinunui hata kiberiti sokoni. Nilimcheka sana. Kisha nikaanza kuchungulia, nikaanza kutoa maoni, na mwisho tukawa tunakaa bega kwa bega kwenye ukingo wa kitanda tukibishana kama jike yule amenona au bado.

Barabara ilipofunguka, mume wake alikuwa ameshamtumia simu mpya. Ile ya zamani akaniachia, kwa sababu mchezo ulikuwa humo. Mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, akageuka.

"Papa, unichungiye ile farasi yangu."

"Nitakuchungia," nikasema.

Alisema kwa kucheka, namna mtu anavyotupa neno la kuagana. Mimi nilisikia neno zito. Kwetu mtu akikuchungisha ng'ombe wake, maziwa ni yako, na katika kila ndama watatu, wa tatu ni wako. Wawili ni wa mwenyewe. Ila wale wa mwenyewe hakuna anayeuzwa mpaka mwenyewe aje. Anakuja kwa miguu yake, anakaribishwa, anakula, halafu anatembea kati ya wanyama na kuuliza neno moja: wako ngapi? Hutakiwi kujibu kwa namba, kwa maana kuhesabu mifugo kwa namba ni kuita kifo. Unamtajia mmoja mmoja kwa rangi yake. Akishawaona kwa jicho lake, ndipo ananyoosha kidole: huyu uza, huyu acha.

Basi mimi, mzee mwenye akili timamu, nikafuga farasi wa kwenye simu kwa sheria hiyo. Sikumwambia mtu.

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Farasi wa binti yangu aliwaaibisha wahenga. Alizaa jike mwekundu, akazaa jike wa kijivu, akazaa wa tatu mwenye kipaji cheupe usoni, na huyo nikajua ni wangu. Kila mmoja nilimpa jina kwa rangi ya ngozi yake, kama tulivyokuwa tukiwapa ng'ombe. Majina hayo sitayataja hapa, kwa sababu wenye masikio ya kuyaelewa hawapo tena. Wale wa binti yangu nikawaweka wamngoje. Nao walipokua wakazaa. Zizi likajaa.

Kila Jumapili baada ya misa nilimpigia kwa simu yangu ndogo ya kupigia.

"Jike wako amezaa tena," namwambia. "Kuya uone."

"Nitakuya, Papa. Barabara itengenee kwanza."

Wenzangu wenye watoto Kanada wana bahari ya kusingizia. Mimi nina kilomita zisizofika mia. Nilikuwa nakwenda mahali magari ya Mongbwalu yanaposhusha watu, nikawaona wachuuzi wakiteremka na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, wanawake wenye mizigo, hata bibi mzee aliyeshikwa mikono miwili. Wote hao barabara iliwapitisha. Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira ilipoisha nilibaki mpweke, na huo upweke haukuisha. Chumba kilikuwa kilekile, ila kimekuwa kikubwa.

Kwenye mchezo nako nikawa nafilisika. Nilikuwa na farasi kumi wa kula na hakuna hata mmoja wa kuleta kitu. Nyasi nilizinunua kwenye duka la mchezo, ambako bei ni ya wizi. Mega za intaneti nilizinunua kwa pesa ya mkate. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa uani nikimlaani mwenye duka asiyekuwepo, na jirani yangu akanisikia. Huyu ni mama aliyetoka Butembo, muuza mitumba, ukuta wake na wangu ni mmoja. Watu wa kwao wanazaliwa na biashara mkononi.

"Muzee, weye unagombana na nani?"

Nikamwonyesha. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaichukua simu, akaitazama kama anavyotazama balo la nguo kabla ya kulilipia, akamgusa farasi mdogo kuliko wote.

"Hii kidogo iko nafanya kazi gani?"

"Anakua."

"Iko nakula?"

"Anakula."

"Iko nakuletea kitu?"

Nikanyoosha mkono anirudishie simu.

"Muzee wangu, kitu yenye iko nakula kila siku, unauzisha mbio. Siye kwetu hata mutoto wa miaka tano anajua."

Nilikasirika. Nilimwambia kwetu mali ya mtu haiuzwi nyuma ya mgongo wake. Akaniuliza mwenye mali yuko wapi. Nikasema Mongbwalu. Akanirudishia simu polepole, kisha akaniletea chai. Huruma yake iliniuma kuliko maneno yake.

Siku chache baadaye mchezo ukaniandikia kwa Kifaransa cha adabu sana kwamba farasi wangu wana njaa, na kama nyasi hazitapatikana watapelekwa kwenye zizi la wote, mchezaji yeyote awachukue. Nilisoma mara tatu. Niliwahi kupoteza zizi zima katika asubuhi moja, zizi la kweli, na sikuwa tayari kwa la pili. Sikungoja Jumapili. Nilimpigia binti yangu palepale langoni, lori la saruji likinipigia honi nifungue.

"Farasi zako zinakufa njaa," nikasema. "Unipe ruhusa niuze wengine."

"Farasi gani, Papa?"

"Farasi zako. Ulizonichungisha."

Akacheka, na si kwa ubaya, jambo ambalo lilinizidishia uchungu. "Ile jeu? Papa, weye uko nacheza bado? Mi nilishasahau. Uzisha zote, ni jeu tu, mchezo tu." Kisha sauti ikabadilika. "Papa, uko na shida ya pesa? Sema tu. Nitakutumia."

"Sina shida ya pesa," nikasema, na nikaenda kufungulia lori.

Kwetu mwenye ng'ombe akikuambia uza wote, bila kuja, bila kuona, maana yake kati yenu kumekwisha. Najua hakumaanisha hivyo. Nilijua hata siku ile. Lakini mambo ya namna hiyo hayaondoki kwa sababu unajua.

Jioni nilimgongea jirani, nikamwambia nifundishe. Na hapa, wewe unayeanza mchezo huu, nikupe bure nilichokilipia kwa mikate. Farasi usimnunue kwenye duka la mchezo. Nenda kwenye soko la wachezaji, watafute majike waliokwisha zaa mara mbili tatu, wanauzwa rahisi kwa sababu vijana wanapenda sura mpya. Nyasi zako zilime mwenyewe, kila zizi lina kipande cha ardhi na wengi hawakitumii. Mwana-farasi mpeleke sokoni siku anayozaliwa, asije akala faida yake, na usimpe jina. Hilo mimi sikulijua: mnunuzi anataka kumwita mwenyewe, na jina likishaandikwa halifutiki, kwa hiyo wangu wenye majina mazuri ya kilimani wakauzwa kwa bei ya kutupa. Zawadi ya asubuhi ichukue kila siku hata ukiwa mgonjwa. Kwenye mashindano ingia yale madogo yasiyo na watu, ushinde mara kumi kidogo kidogo, uwaachie wengine makubwa yenye kelele.

Na ukiwa na dume mwenye damu nzuri usimuuze kamwe. Mkodishe. Wenye majike watakulipa ampande jike wao, na yeye anabaki zizini kwako. Huyo ndiye aliyeniokoa. Dume langu lilikuwa mtoto wa yule mwekundu, kwa haki ni mali ya binti yangu, nikajiuliza sana kama nina ruhusa. Mwishowe niliamua kwamba malipo ya kupandisha ni kama maziwa, na maziwa ni ya mchungaji. Jirani alinicheka mpaka akashika ukuta.

Niliuza watatu tu, wale watatu waliokuwa wangu kwa sheria ya wa tatu. Hata yule mwenye kipaji cheupe akaenda. Sita wa binti yangu na mama yao sikuwagusa, ruhusa niliyopewa ilikuwa ya kinywa, haikuwa ya jicho. Kabla ya majuma mawili kwisha sarafu zilikuwa zinaingia zenyewe, nyasi zimejaa mpaka juu, farasi wanang'aa kwa unono. Nikawa tajiri. Wachezaji nisiowajua, wenye bendera za nchi nisizozijua, wakaniandikia kuuliza siri yangu. Na hakukuwa na mtu wa kukaa naye kwenye ukingo wa kitanda tubishane kama jike amenona. Nilifikiri nimekuwa nikilinda mali ya mtu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeweka chambo. Nilitaka aje kugawa farasi kwa sababu sikuwa najua namna nyingine ya kumwambia aje.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha, mabati yakapiga kelele, na nikalazimika kupaza sauti kwenye simu. Labda hiyo ilinisaidia, maana neno unalolipigia kelele huwezi kulizungusha.

"Farasi si neno," nikasema. "Pesa si neno. Niko peke yangu. Nataka nikuone."

Nilidhani mvua imemmeza. Nikatoa simu sikioni nikaitazama, bado alikuwepo. Nikairudisha.

"Papa," akasema. Sauti yake ilikuwa imelowa. "Ziko ngapi?"

Sheria ile sikuwahi kumfundisha. Tuliposhuka kutoka kilimani alikuwa mdogo, mgongoni kwa mama yake. Labda alimsikia babu yake, labda damu inakumbuka, labda aliuliza tu kama anavyouliza mtu yeyote. Sikumuuliza. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda, nikafungua ile simu ya zamani kwa mkono wa pili, na nikamtajia. Mwekundu wa kwanza. Wa kijivu. Dume linalotulisha sote. Mweusi mwenye soksi mbili. Mapacha wa rangi ya asali, ambao nilikuwa nimewaficha ili wachezaji wenzangu wasiniombe. Kwa kila mmoja alisema "mm," na mimi nilingoja ile "mm" kabla ya kwenda kwa mwingine.

"Na ile ya kwanza? Mama yao?"

"Iko," nikasema. "Amezeeka. Hazai tena, hakimbii. Lakini bado anakula."

Kwa hesabu ya jirani yangu huyo angekuwa wa kwanza kwenda sokoni. Nilingoja neno la mwenyewe.

"Huyo usimuuzishe, Papa. Mpaka nikuye nimuone."

Hajaja bado. Mvua zimepita, zimerudi. Nimetandika kitanda kwa shuka lisilo la kila siku, na mimi nalala kwenye mkeka. Asubuhi, kabla sijaenda langoni, nafungua zizi, na yule jike mzee ndiye namlisha wa kwanza.